Ione Tovuti Yako kwa Hugo Kabla ya Kuipeleka Hewani

Unataka tovuti ndogo ya duka, shule au kikundi, lakini hutaki wateja waone makosa kabla yako? Hugo ni programu ya bure inayokuwezesha kuitengeneza na kuikagua yote kwenye kompyuta yako.

Hugo, iliyoanzishwa na Steve Francia mwaka 2013, inachukua maandishi yako na kuyageuza kurasa zilizokamilika. Hakuna hifadhidata nyuma yake, ndiyo maana tovuti za aina hii hufunguka haraka hata kwenye simu ya kawaida.

Kuinstoli

Fungua terminali (kwenye Windows ni PowerShell), kisha andika:

- Windows: `winget install Hugo.Hugo.Extended`
- Mac: `brew install hugo` (lazima uwe na Homebrew)
- Ubuntu: `sudo snap install hugo`

Funga terminali, ifungue tena, andika `hugo version`. Ukiona namba ya toleo, mambo safi.

Kuanza

Andika `hugo new site duka`, halafu `cd duka`. Ukiiwasha sasa hivi utaambiwa ukurasa haupo. Usishtuke, bado haina themu, yaani mwonekano. Pakua themu moja, iweke ndani ya folda ya `themes`, kisha andika jina la folda yake kwenye faili la `hugo.toml`, mfano `theme = 'ananke'`. Majina yasipolingana herufi kwa herufi, haitafanya kazi.

Kuitazama

Andika `hugo server -D`, kisha fungua `localhost:1313` kwenye brauza. Ukibadili neno na kusevu, ukurasa unabadilika wenyewe. Hapa bando haliliwi, kwa sababu kila kitu kiko ndani ya kompyuta yako.

Ukitaka kuiona kwenye simu, unganisha kompyuta na simu kwenye Wi-Fi moja, tafuta anwani ya IP ya kompyuta, tuseme 192.168.1.5, kisha andika:

`hugo server -D --bind 0.0.0.0 --baseURL http://192.168.1.5:1313`

Kwenye simu fungua anwani hiyohiyo.

Mitego miwili

Wengi hukwama hapa: kwenye kompyuta tovuti inapendeza, ikifika hewani kurasa hazionekani au rangi zimepotea.

Kwanza, ukurasa mpya unaotengenezwa na Hugo huwekewa alama ya rasimu, `draft = true`. Ile `-D` ndiyo inayokuonyesha rasimu, ila hazitoki hewani. Badilisha iwe `false`.

Pili, `baseURL` kwenye `hugo.toml` huja na anwani ya mfano. Weka anwani halisi ya tovuti yako.

Ukimaliza, bonyeza Ctrl+C, kisha andika `hugo` peke yake. Kurasa zilizo tayari zitakuwa kwenye folda ya `public`, na hizo ndizo za kupandisha. Kabla hujafanya hivyo, iwashe mara moja zaidi bila `-D`. Kisichoonekana hapo, na wateja hawatakiona.