Mpira wa kikapu: Kabla ya kumkabidhi mtoto kwa wakala

 

Alhamisi moja, baina ya Alasiri na Magharibi, mama mmoja mjane alibisha hodi katika ofisi ya msikiti wetu hapa Dodoma. Mkononi alikuwa na karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Nyuma yake alisimama mwanawe wa miaka 16, kijana ambaye alilazimika kuinama ili apite mlangoni.

"Ustadhi," alisema, "naomba unisomee hii. Nataka kujua kama niuze kiwanja."

Karatasi ile ilidai kuwa kijana amepata nafasi ya kwenda ng'ambo kucheza mpira wa kikapu. Aliyeileta alijitambulisha kuwa wakala wa wachezaji. Alitaka fedha za pasipoti, viza na tiketi zilipwe kwake kabla ya mwisho wa mwezi. Mali pekee iliyoweza kutoa fedha hizo ni kiwanja alichokiacha marehemu baba wa kijana. Kijana ana wadogo zake wawili, na kiwanja hicho bado hakijagawiwa kwa mujibu wa mirathi.

Naandika makala haya kwa sababu naamini mama yule si wa mwisho. Vijana wetu, kuanzia Majengo na Chang'ombe hadi Area C na Nkuhungu, hivi sasa wanaijua ligi ya NBA ya Marekani kuliko wanavyoijua mitaa ya jirani. Mwezi Februari 2025, Luka Doncic alipohamishwa kutoka Dallas kwenda Los Angeles Lakers na Anthony Davis akapelekwa Dallas, baadhi yao walikuja Alfajiri msikitini macho mekundu, wakibishana hata kwenye birika la udhu. Doncic alikuwa ameifikisha timu yake fainali miezi minane tu kabla. Swali lililowashangaza ni hili: inakuwaje mchezaji bora kiasi hicho anahamishwa bila kuulizwa?

Jibu limo katika historia ya kijana wetu wenyewe, Hasheem Thabeet. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akafiwa na baba yake angali kijana, na alianza mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka kama 15 hivi. Alikwenda kumalizia sekondari Houston, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut. Mwezi Juni 2009, Memphis Grizzlies walimchagua akiwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. James Harden alichaguliwa wa tatu, na Stephen Curry wa saba. Hasheem akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo.

Yaliyofuata yanapaswa kusomwa kwa makini na kila mzazi. Katika msimu wake wa kwanza alishushwa kwa muda kwenda ligi ya chini. Februari 2011 alihamishiwa Houston Rockets, na Machi 2012 Portland Trail Blazers. Baadaye mwaka huo alisaini Oklahoma City Thunder, na Agosti 2014 akapelekwa Philadelphia, ambako aliachwa siku chache baadaye bila kucheza hata mechi moja. Baada ya hapo alitafuta riziki hadi Japani na Taiwan.

Vijiweni wapo wanaosema alishindwa. Mimi sikubaliani nao. Mtu aliyefika pahala ambapo hakuna Mtanzania aliyewahi kufika hastahiki dhihaka. Lakini nakiri kuwa safari yake ina funzo. Alipohamishwa Houston, Portland na Philadelphia, uamuzi ulikuwa wa timu. Ndivyo ulivyo utaratibu wa NBA: timu inaweza kumbadilisha mchezaji kwa mwingine, na ni wachache mno wenye haki ya kukataa. Hata hivyo, mchezaji anapohamishwa, mkataba wake huhama naye, na timu mpya hulazimika kuutekeleza. Kwa hiyo kilichomlinda kijana yule ugenini, kiwango kilipopanda na kiliposhuka, ni maandishi yaliyosainiwa, yenye majina, muda na malipo. Urefu wake pekee usingetosha.

Waislamu hatuna udhuru wa kulipuuza jambo hili. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Surat al-Baqara, inatufunza kuandika deni na kuweka mashahidi. Ikiwa deni linataka maandishi na mashahidi, vipi kuhusu mtoto?

Karatasi ya mama yule haikuwa na jina la klabu wala la shule. Haikutaja atalala wapi, nani atamtibu akiumia, wala nani atamrudisha nyumbani mambo yakiharibika. Nilimweleza mambo matatu.

La kwanza, umri. Kanuni za Shirikisho la Mpira wa Kikapu Duniani, FIBA, haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine ila kwa hali maalumu. FIBA pia hutoa leseni kwa mawakala. Kwa hiyo aombwe leseni, na jina lake lipelekwe kwa Shirikisho la Mpira wa Kikapu Tanzania, TBF.

La pili, mali. Kiwanja kile kina haki za mayatima. Surat an-Nisaa imetoa onyo kali kwa mwenye kula mali ya yatima, na haifai urithi wa ndugu watatu uuzwe kwa ajili ya ahadi aliyopewa mmoja.

La tatu, dini. Mzazi aulize kuhusu swala, chakula na Ramadhani kama anavyouliza kuhusu mshahara. Inawezekana: Hakeem Olajuwon alifunga Ramadhani ya mwaka 1995 huku akiichezea Houston Rockets, na Februari hiyo hiyo akatangazwa mchezaji bora wa mwezi. Lakini Olajuwon alikuwa mtu mzima aliyejua anachokiamini. Kijana wa miaka 16 anahitaji watu wa kumshika mkono.

Wala milango yote haiko Marekani. Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL, ilianza mwaka 2021 mjini Kigali. Katika misimu yake mitano ya mwanzo, ubingwa ulichukuliwa na Zamalek, Monastir, Al Ahly, Petro ya Luanda na Al Ahli ya Tripoli. Klabu nne kati ya hizo ni za Misri, Tunisia na Libya, nchi ambazo adhana inasikika kila mtaa. Kijana anaweza kusoma hapa nyumbani, akacheza, akatimiza miaka 18, kisha akaenda kwa njia iliyonyooka.

Mama aliondoka na karatasi yake, na kiwanja hakikuuzwa. Wakala aliombwa leseni na jina la klabu. Tangu siku hiyo simu yake haipatikani.

Ningependa kuandika kuwa kijana alifurahi. Hakufurahi. Kwa wiki kadhaa alinipita kibarazani bila salamu, na mama yake aliniambia kuwa nyumbani hazungumzi. Anaamini tumemzibia riziki. Simlaumu, kwani kumwambia kijana yatima asubiri miaka miwili ni kumwomba jambo zito. Kamati yetu imeahidi kumsaidia ada ya shule, na ahadi hiyo tumeiandika na kuisaini, ili naye awe na karatasi ya kutudai.

Juzi alikuja Magharibi akiwa na mpira kwapani. Aliuacha mlangoni pamoja na viatu, akaswali safu ya nyuma. Baada ya swala alinipa mkono, hakusema neno.

Tunamuomba Allah awafungulie vijana wetu riziki ya halali, na awape wazazi subira na hekima. Amin.