Kompyuta kushika brashi: Mwenye studio apige hesabu kwanza

Mwenye studio aliyekabidhiwa picha 200 za harusi, huku mteja akitaka zote zionekane kama zimechorwa kwa rangi ya mafuta, ana njia mbili. Anaweza kufungua picha moja moja, kuweka madoido, kuhifadhi na kufunga. Ikiwa kila picha itamchukua dakika 3, hizo ni saa 10 za kazi, umeme mbali. Ama anaweza kuipangia kompyuta hatua hizo mara moja, ikamaliza folda nzima yenyewe naye akahudumia wateja wengine.

Njia ya pili si ngeni. Photoshop ilianza kunasa hatua za mtumiaji na kuzirudia mwaka 1996, na Apple ikaweka Automator kwenye kompyuta zake za Mac mwaka 2005. Suala kwa mfanyabiashara mdogo ni gharama. Tangu 2013 matoleo mapya ya Photoshop hulipiwa kwa mwezi au kwa mwaka, wateja wawepo wasiwepo. GIMP na ImageMagick ni za bure. ImageMagick huendeshwa kwa amri za kuandika, jambo linalowatisha wengi, lakini amri ya rangi ya mafuta ni neno moja tu, "paint", na ya mchoro wa mkaa ni "charcoal".

Hasara hujificha kwenye mpangilio wa hatua. Programu hupima upana wa brashi kwa nukta za picha. Brashi ya nukta 4 haionekani sana kwenye picha kubwa ya kamera, ila kwenye picha ndogo ya simu hufuta macho na pua ya bibi harusi. Kwa hiyo picha zote zilinganishwe ukubwa kwanza, ndipo madoido yafuate. Kabla ya hapo, zinakiliwe. Amri ya "mogrify" ya ImageMagick, isipoelekezwa vinginevyo, huandika juu ya faili lilelile, na picha halisi ya harusi hairudiwi kupigwa.

Wakulima nao wana nafasi hapa. Kikundi cha wafuga nyuki kinaweza kugeuza picha ya mzinga kuwa mchoro wa mkaa na kuuweka kwenye lebo za asali. Mchoro huo huchapwa kwa wino mweusi pekee, tofauti na picha ya rangi.

Lakini picha ya nyanya anayotumiwa mnunuzi wa mbali isiguswe kabisa. Yeye hupima ukomavu kwa rangi na ugonjwa kwa madoa, na madoido hufuta vyote viwili. Akiukataa mzigo ukishafika sokoni, nauli ya lori imekwisha kulipwa na nyanya hazisubiri mnunuzi mwingine.