Fahamu: Elimu ya afya ya uzazi shule za msingi na hali ya Tabora
Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 43 ya wasichana wa Tabora wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au ni wajawazito. Wastani wa nchi ulikuwa 27. Katavi pekee iliizidi Tabora, kwa 45.

Wanaopinga somo la afya ya uzazi shuleni, wakiwemo wazazi na viongozi wa dini, wanahofia watoto watafumbuliwa macho kabla ya wakati. Hayo, wanasema, ni ya shangazi na bibi. Hofu hiyo inatokana na upendo. Ila mapitio ya tafiti yaliyotolewa na UNESCO mwaka 2018 hayakuona kwamba somo linawaharakisha watoto kuanza ngono. Tena wazazi wakishinda kwenye mashamba ya tumbaku kule Urambo au Sikonge, mtoto hufundishwa na rika na simu.

Binti wa darasa la sita anayejifunga sweta kiunoni kuficha doa, kesho yake akabaki nyumbani, alilihitaji somo hilo mwaka mmoja kabla.

Hoja nzito kwangu ni mwalimu. Akiona haya, mada ya uzazi kwenye sayansi huiruka. Bila kumwandaa, mtaala haufiki popote.

Sheria ipo: tangu 2016, anayempa mwanafunzi mimba hukabiliwa na kifungo cha miaka 30, na tangu Novemba 2021 wasichana waliojifungua wanaruhusiwa kurudi darasani. Hatua zote mbili huja mimba ikishaingia.