"Hadi" si ahadi: Lugha ya boksi la printa

Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, wazazi wa Kiamaiko wamezoea kupiga foleni saiba kuprinti kazi za watoto. Wengine sasa wanawaza kununua printa ya nyumbani, ile ya wino inayochapisha, kutoa kopi na kuskani. Kabla hujatoa pesa, msomaji wangu, chunguza neno moja kwenye maelezo yake: hadi.

Neno hili lina asili ya Kiarabu na maana yake ni mpaka. Si ndugu ya ahadi, ingawa yanafanana masikioni. Ukiambiwa katriji hutoa "hadi kurasa 200", hujaahidiwa 200. Idadi hiyo kwa kawaida hupimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 24711, kwa kuchapisha kurasa maalumu za majaribio mfululizo. Mtoto akiprinti picha za rangi ukurasa mzima, wino utaisha mapema. Isitoshe, printa hutumia wino kusafisha matundu yake.

"Nukta 4800 kwa inchi" nayo huhusu vitone vya wino, si gharama. Basi piga hesabu mwenyewe: katriji ya Sh2,000 ikitoa kurasa 200, kila ukurasa ni Sh10, kabla ya karatasi na stima. Linganisha na bei ya saiba.

Kwa watafsiri, napendekeza "zisizozidi kurasa 200". Hapo mnunuzi atauona mpaka waziwazi.