Ubora wa Modeli za Ndege za Kivita (Sehemu ya Tatu): Umbo Kabla ya Ribiti

Machi 5, 2026 ni siku ya kutimia miaka 90 tangu Spitfire, ndege ya kivita iliyosanifiwa na R. J. Mitchell, iruke kwa mara ya kwanza kutoka kiwanja cha Eastleigh, kusini mwa Uingereza, na kumbukumbu ya aina hii huwa msimu wa mavuno kwa watengenezaji wa modeli za plastiki. Kwa kuwa sehemu mbili zilizotangulia zimekwisha kueleza maana ya uwiano na jinsi plastiki iliyoyeyushwa inavyoshindiliwa ndani ya kalibu ya chuma, sehemu hii inalishika swali ambalo mnunuzi aliyevutiwa na picha ya boksi husahau kuliuliza, nalo ni kama vipande vilivyomo vikiunganishwa vitakuwa na umbo la ndege inayotajwa.

Jibu la awali hutolewa na rula. Spitfire ya toleo la kwanza, yaani Mk I, ilikuwa na upana wa mita 11.23 kutoka ncha ya bawa moja hadi ya jingine, na kwa hiyo modeli yake yapasa kuwa na milimita 156 katika uwiano wa 1/72 na milimita 234 katika uwiano wa 1/48. Hesabu hiyo haizidi darasa la saba, lakini wapo wanaoisifu seti kwa kurasa nzima bila kuifanya. Mwaka 2014 kampuni ya Eduard ya Jamhuri ya Czech ilitoa Messerschmitt Bf 109G-6 ya uwiano wa 1/48 iliyokuwa na mapambo ya kupendeza, kisha wapimaji wakagundua kwamba ilizidi ukubwa uliotangazwa. Kampuni ilikubali kosa, ikachonga kalibu mpya kwa gharama yake, na seti iliyosahihishwa ikatoka mwaka 2016. Uungwana huo ni nadra katika biashara hii.

Hata hivyo, rula haioni kila kitu, kwa sababu bawa la Spitfire linaweza kuwa na urefu sahihi na bado likawa bovu. Bawa hilo lenye umbo la duaradufu lilisokotwa kwa nyuzi 2 na nusu kutoka shina hadi ncha, ili ndege inapopungukiwa na mwendo sehemu ya shinani itangulie kuishiwa nguvu ya kunyanyua, rubani apate onyo kwa mtikisiko huku vibawa vya kuielekeza ndege, vilivyo karibu na ncha, vikiendelea kumtii. Chini, pale bawa linapokutana na kiwiliwili, pana mpindo laini ambao mchongaji mvivu hupenda kuunyoosha, na modeli iliyonyooshwa hapo, hata ingekuwa na chumba cha rubani chenye kila kitufe, huonekana ngeni kwa yeyote aliyewahi kuitazama picha ya ndege hiyo kwa makini.

Umuhimu wa umbo haukubuniwa na wapenda modeli. Septemba 6, 1939, siku ya tatu baada ya Uingereza kutangaza vita, Spitfire za kikosi cha 74 kutoka Hornchurch zilizishambulia Hurricane za kikosi cha 56 kutoka North Weald zikidhaniwa kuwa za Wajerumani, na mbili zikaanguka. Montague Hulton-Harrop akafa, akiwa rubani wa kwanza wa ndege za kivita za Uingereza kupoteza maisha katika vita hiyo, na marubani wawili waliopelekwa mahakama ya kijeshi wakaachiwa huru. Mkanganyiko wa rada na wa amri ulichangia pakubwa, lakini ukweli unabaki kwamba macho yaliyofunzwa yalishindwa kuitenga Hurricane na adui, na kwamba ndege za kwanza kuangushwa na Spitfire vitani zilikuwa za wenzake. Tangu hapo elimu ya kutambua ndege ilipewa uzito mkubwa zaidi, na mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule wachonge modeli 500,000 za mbao kwa uwiano wa 1/72. Uwiano huo una manufaa dhahiri, kwani modeli iliyowekwa mita 10 kutoka kwa mtazamaji huonekana sawa na ndege halisi iliyo umbali wa mita 720. Kwa waliofunzwa kwa modeli hizo mzingo wa bawa ulikuwa jambo la kufa na kupona, na hakuna aliyewauliza kuhusu ribiti, zile pini za chuma zinazoshikanisha mabati.

Leo mambo yamepinduliwa, na ribiti ndizo zinazouza seti. Mstari wa maungio ya mabati uliochongwa kwa upana wa milimita 0.3 katika uwiano wa 1/72 ni sawa na ufa wa zaidi ya sentimita 2 katika ndege halisi, ufa ambao hakuna mkaguzi wa kiwanda angeupitisha, na seti za Matchbox za miaka ya 1970 zilijipatia umaarufu usiotamanika kwa mifereji mipana kuliko hiyo. Wahandisi wa Spitfire wenyewe walilipima suala hili kwa njia ya kuchekesha, walipogundisha njegere kavu zilizopasuliwa juu ya ribiti bapa ili zifanane na ribiti za kichwa cha mviringo, kisha wakairusha ndege. Kasi ilipungua kwa maili 20 na ushei kwa saa. Walizibandua njegere hizo kidogo kidogo hadi wakajua ni wapi ribiti bapa, zilizokuwa ghali, zilihitajika kweli, na ni wapi zile za mviringo zingetosha. Mtengenezaji wa modeli anayetapakaza vitobo vinavyofanana juu ya kila bati ameiga kazi hiyo bila kuielewa.

Kuhusu mengine, inatosha kusema kwamba utando wa plastiki unaochungulia kwenye kingo za vipande huashiria kalibu iliyochakaa, mbonyeo juu ya sehemu nene hutokana na plastiki kusinyaa ilipopoa, na alama za kubandika zilizochapwa vibaya hubadilishwa kwa urahisi. Jambo linalohitaji tahadhari ni kalibu ya zamani kutiwa katika boksi jipya, desturi ambayo si haramu kisheria lakini haina tofauti kubwa na kumficha mnunuzi umri wa bidhaa. Jina la ndege halimsaidii mnunuzi hapo, kwa maana Tamiya ya Japani peke yake ina Spitfire Mk I mbili tofauti za uwiano wa 1/48, moja ya miaka ya 1990 yenye namba 61032 na nyingine ya mwaka 2018 iliyochongwa upya kabisa, yenye namba 61119, na namba hizo huchapwa kwenye boksi.