Kalamu ya risasi haina risasi

Wengi bado tunaiita kalamu ya risasi, na wazazi wengine huogopa sumu mtoto akiitafuna. Ndani hamna risasi. Kile cheusi ni madini ya kinywe, kama yale ya Mahenge, mkoani Morogoro, yakichanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa. Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alibuni njia hiyo mwaka 1795.

Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na mstari wake hafifu: ina alama ya H. Kinywe kikizidi, huwa laini na nyeusi: hiyo ni B, wanayoipenda wachoraji. Ya kuandikia shuleni ni HB, ya katikati.

Hata hivyo, tumkataze mtoto kutafuna: rangi ya nje si chakula, na kipande kinaweza kumkwama kooni.