Safari na Mbwa: Kula Kiboko, Kulipa kwa Simu na Kuondoka Bila Ugomvi

Ukitoka Nairobi asubuhi kuelekea Mombasa, njaa huanza kuuma mahali fulani kati ya Emali na Makindu. Hapo katikati ndipo ilipo Kiboko, kituo kidogo cha barabarani katika Kaunti ya Makueni, kama kilomita 160 hivi kutoka Nairobi. Watu husimama, wananunua maembe na machungwa, wanakunywa chai au wanakula mbuzi choma, kisha safari inaendelea. Kwa familia ya watu wanne hiyo ni kazi rahisi. Lakini siku hizi wapo wengi wanaosafiri na abiria wa tano, amekaa kiti cha nyuma, ulimi nje. Ni mbwa.

Sasa swali ni moja: naye tutakula wapi?

Kumwacha garini si jibu. Kiboko iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari na ina joto kuliko Nairobi. Gari lililofungwa na kuegeshwa juani linaweza kupanda karibu digrii 10 ndani ya dakika 10 tu. Kushusha kioo kidogo hakusaidii sana. Mbuzi akichukua saa nzima jikoni, mbwa anaweza kufa kabla sahani haijafika mezani.

Kwa hiyo mbwa anashuka na nyinyi. Na akishuka, lazima kuwe na mapatano na mwenye hoteli. Makala hii inahusu mapatano hayo, na jinsi simu yako inavyoweza kuyalinda.

Usitafute bango, tafuta kivuli

Nairobi kuna sehemu zenye sheria zinazojulikana. Msitu wa Karura, kwa mfano, unaruhusu mbwa mradi afungwe kamba. Kiboko mambo ni tofauti. Usitarajie bango linalosema "mbwa karibu". Utakachokuta ni vibanda vya chai, hoteli za nyama zenye viti vya plastiki nje, na sehemu zenye bustani. Inayojulikana zaidi ni Hunter's Lodge, iliyoanzishwa na mwindaji J. A. Hunter kando ya chemchemi, penye migunga mirefu na kivuli cha kutosha.

Lakini kumbuka kwamba nafasi si ruhusa. Bustani kubwa haimaanishi mbwa anakubalika, na kibanda kidogo hakimaanishi atafukuzwa. Mwenye mahali ndiye anayeamua, na anaweza kuamua tofauti Jumamosi yenye wateja wengi na Jumanne isiyo na watu. Kuuliza si ujinga. Unapouliza, omba vitu vitatu: meza ya nje, iliyo mbali na jikoni, na yenye mti au nguzo ya kufungia kamba.

Mpango wako ukiwa ni kuingia Tsavo au Chyulu baada ya kula, panga upya. Mbwa hawaruhusiwi katika mbuga za taifa.

Kwa nini jirani wa mezani anashtuka

Mwenye mbwa huona rafiki. Mtu wa meza ya pili anaweza kuona jambo lingine kabisa, na ana sababu zake.

Sababu ya kwanza ni kichaa cha mbwa. Kenya iliweka mpango wa kukomesha vifo vya watu kutokana na ugonjwa huu kati ya 2014 na 2030, na Makueni ni miongoni mwa kaunti zilizoanza nao. Lengo ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa ili ugonjwa ukose pa kupita. Huku watu wanaujua. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Kwa hiyo mama anayemvuta mtoto wake karibu akiona mbwa wako hakutukani. Anamlinda mtoto.

Dawa ya hofu hiyo ni cheti cha chanjo. Mchanje mbwa kila mwaka, piga picha ya cheti na uiweke kwenye simu. Ukiulizwa, onyesha bila kununa. Na mbwa yeyote akimuuma au kumkwaruza mtu, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu mwende hospitali siku hiyo hiyo. Msingoje kuona kama mbwa ataugua.

Sababu ya pili ni dini. Barabara ya Mombasa ni ya watu wa Pwani pia. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi Pwani, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mbwa wako akilamba sahani ya hoteli, umemwingiza mwenye hoteli katika shida na wateja wake. Beba bakuli lako la chakula na la maji. Ni kitu kidogo, lakini huondoa nusu ya ugomvi.

Kilomita chache mbele ya Kiboko, pale Makindu, kuna hekalu la Masingasinga ambalo jengo lake ni la 1926. Msafiri yeyote hupewa chakula bure, bila kuulizwa dini wala kabila. Ni mahali pa ibada: unavua viatu, unafunika kichwa, na huingii na pombe, sigara wala nyama. Mbwa asiingie. Kuleni kwa zamu, mmoja abaki naye nje kivulini.

Piga simu kabla hamjafika

Mkipita Emali, au hata kabla hamjatoka nyumbani, piga simu. Mazungumzo yenyewe hayana ugumu. Yanaweza kwenda hivi:

"Habari ya asubuhi, mama?"

"Mzuri, karibu."

"Asante. Tunatoka Nairobi, tutafika hapo Kiboko kama saa tano. Tuko watu wanne na tuna mbwa mmoja. Amechanjwa na atakuwa amefungwa kamba. Unaweza kutupatia meza ya nje?"

"Mbwa? Ni mkubwa?"

"Ni wa wastani, mama. Na bakuli lake tumebeba."

"Ndani hapana. Lakini kuna meza chini ya mti kule nyuma, hapo sawa. Kama mnataka mbuzi agizeni sasa, maana itachukua saa nzima."

"Tuwekee kilo mbili. Tulipe kwa till?"

"Ndiyo, nakutumia namba. Litatokea jina la hoteli."

Dakika mbili, basi. Mgeni njoo, mwenyeji apone: lakini mwenyeji hawezi kupona kama mgeni amemletea jambo asilolitarajia.

Pesa: nani, lini, na kwa maneno gani

Hapa ndipo wengi huteleza. Mwenye hoteli anataka uhakika kwamba mtafika, kwa sababu nyama ikishawekwa motoni hairudi kuwa mbuzi. Wewe unataka uhakika kwamba mkifika hamtaambiwa "mbwa hapana" huku pesa zimeshaenda. Wote mna haki.

Tuseme chakula ni shilingi 2,400. Huu ni mfano tu. Lipa sehemu mbele, mathalani 800, na zilizobaki mkishakaa mezani. Usilipe zote kwa mahali ambapo hujawahi kufika.

Kabla ya kulipa, angalia jina. Ukilipa kwa M-PESA, jina la anayepokea hutokea kabla malipo hayajakamilika, na unapata nafasi ya kusimamisha. Jina likiwa la mtu usiyemjua wakati uliambiwa ni hoteli, simamisha, piga simu tena na uulize. Huenda kuna sababu nzuri, kwa maana vibanda vingi hutumia laini ya mwenyewe. Lakini ni afadhali uipate sababu hiyo kabla ya kutuma.

Lipa kwa till ukiweza. Malipo ya Lipa na M-PESA kwa till hayamkati mteja ada. Pia jina la biashara linabaki kwenye meseji yako.

Jihadhari na namba zinazozungushwa mitandaoni. Mtu anaweza kuchukua picha za bustani nzuri, akaandika "tunakaribisha mbwa" na kuweka namba yake binafsi. Tafuta namba ya mahali penyewe, uipigie, na uulize jambo ambalo mtu aliyepo hapo atalijibu bila kufikiri: hoteli iko upande gani wa barabara ukitoka Nairobi, na jirani yake ni nani.

Ukishalipa, tuma meseji fupi kwa mwenye hoteli:

"Nimelipa 800 ya kilo mbili za mbuzi. Watu 4, mbwa 1, meza ya nje, saa tano. 1,600 tukifika. Mbwa akikataliwa, 800 zitarudi."

Akijibu "sawa", mna mkataba. Mali bila daftari huisha bila habari, na meseji hizo mbili, ya malipo na ya mapatano, ndizo daftari lenu. Mwambie pia ukweli wa upande wako: msipofika bila kumwarifu, hizo 800 ni zake.

Ukikosea namba na pesa zikaenda kwa mtu mwingine, usimpigie kelele mtu huyo. Kwa M-PESA, peleka ile meseji nzima ya malipo kwenda 456 mara moja. Usingoje jioni, kwa sababu pesa zikishatolewa ni vigumu kurudi. Na ukipigiwa simu na mtu anayedai amekutumia pesa kimakosa, angalia salio lako kwanza, kisha mwambie afuate njia hiyo hiyo. Usimtumie kutoka mfukoni mwako. PIN ni yako peke yako, hata kama anayeiuliza anajua jina lako lote.

Mezani: si kila mfupa ni zawadi

Chakula kimefika: mbuzi, ugali, kachumbari, labda na muthokoi. Mbwa anakutazama kwa macho yale. Kuwa mgumu kidogo.

Mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha na inaweza kumtoboa utumbo. Vitunguu na vitunguu saumu ni sumu kwa mbwa, hivyo kachumbari na supu iliyoungwa si vyake. Matumbo mabichi kutoka bucha nayo hapana, kwa sababu mbwa hupata humo minyoo ya tegu inayoweza kumfikia binadamu na kumfanyia uvimbe wa ini au mapafu. Mwombe mpishi vipande vichache vya nyama vilivyochemshwa bila chumvi wala kitunguu, na ulipie. Ugali mkavu na maji mengi vinamtosha hadi Mtito Andei.

Usiwatupie mabaki mbwa koko wanaozunguka. Mkimtupia mmoja, watakuja watano, watapigana na wa kwako, na hujui yupi amechanjwa. Weka mabaki kwenye sahani, na mkiondoka mbwa akiwa amechafua, zoeni wenyewe.

Kwa wenye hoteli na vibanda

Kama wewe ndiye unayesimama nyuma ya jiko, gari lenye mbwa ni biashara. Watu hao wamepita hoteli nyingi bila kusimama kwa sababu hawakujua watapokelewaje. Meza moja tu nje inatosha. Amua sheria yako mapema na uiseme vile vile kwa kila mteja: kamba, cheti, bakuli lake mwenyewe, na mbwa asiingie ndani. Mteja mwingine akilalamika, una jibu.

Tumia till au Pochi la Biashara ili pesa za hoteli zisichanganyike na za nyumbani. Mteja akikuonyesha meseji kwenye simu yake, usiridhike. Subiri meseji ifike kwenye simu yako, au uangalie salio, maana meseji ya uongo huandikwa na yeyote. Ukichukua malipo ya mbele, andika ni ya nini.

Na mbwa wako wa ulinzi je? Ngiti wa nyumbani anayelala nyuma ya jiko anakutana na mbwa wa wageni kila wiki. Ulizia ofisi ya mifugo ya kaunti lini watachanja karibu nawe. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, na kampeni nyingi za chanjo huwekwa karibu na siku hiyo.

Kabla ya kuwasha gari

Angalia vitu vitano: picha ya cheti cha chanjo, kamba, bakuli mbili, chaji ya simu, na noti chache za dharura mtandao ukigoma. Halafu piga ile simu. Ukiambiwa hapana, shukuru na upige kwingine. Hapana ya saa mbili asubuhi haijagharimu mtu kitu, lakini hapana ya saa tano, juani, mbwa anahema na watoto wana njaa, hiyo ina bei.